Gari Iliyokuwa Ikizima Mlimani

Cheti changu nimekitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili anayeingia akutane nacho kabla hajakutana na mimi. Ni stashahada ya ufundi wa magari, imepigwa muhuri Maskati, na jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Sikukipata kwa kujuana na mtu. Nilianza kwa kuosha vyombo vya watu, nikaenda kufagia gereji, nikashika spana, na usiku wa watu wengine kulala mimi nilikuwa darasani. Nyumba hii ya Gando nimeijenga mwenyewe, kisima nimechimba mwenyewe. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba anayeandika si mtu wa kubahatisha. Linalohusu gari nalijua.

Jambo moja tu sikulijua, nalo ndilo lililonirudisha Pemba: kama mama yangu alikufa akiwa ameniachia radhi, au hakuniachia.

Nilipoondoka nilimwambia nakwenda Unguja kufanya mtihani, siku tatu narudi. Pasipoti ilikuwa mfukoni. Ningemwambia kweli angenikataza, na angenikataza ningebaki, maana kwetu mtoto haendi ng'ambo mpaka ameshika mkono wa mama yake naye akasema, "Nenda, radhi yangu unayo." Mimi nikaenda bila hayo. Siku tatu zikawa miaka kumi na mitatu.

Nikipiga simu alipokea dada yangu. Mama kila mara alikuwa anaswali. Adhuhuri anaswali, saa nne ya asubuhi anaswali. Siku moja nikaisikia sauti yake kwa nyuma: "Mwambie mie siagwi kwa simu. Aje aniage kama watu wanavyoaga, kisha arudi huko huko aliko."

Mwaka wa tatu wa kukaa kwangu Maskati, mama akashikwa na kifua. Majirani wakamtia katika gari ya mzee mmoja wa mtaani, gari ya zamani inayovuta magurudumu yote manne, ambayo watu wa Gando waliita fowili. Dada akapanda naye kumpeleka hospitali ya Wete. Walipofika kwenye mlima mkali wa kabla ya Wete, gari ikazima. Dada akateremka, akakimbia kwa miguu kutafuta gari nyingine. Aliporudi, mama ameshakata roho, na yule mzee amekaa pembeni yake kofia mkononi.

Kwa hiyo mwanadamu mmoja tu aliyasikia maneno ya mwisho ya mama yangu, naye alikuwa dereva.

Nilimfahamu vizuri mzee huyo. Kabla ya kusafiri nilikuwa taniboi wake. Yeye anaendesha, mimi naning'inia nyuma na magunia ya karafuu, tukisimama najaza maji, nabadilisha tairi. Gari hiyo ndiyo iliyonifundisha kuwa nina mikono. Niliporudi niliikuta imekaa kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba yake, kutu imekula milango, kuku wanatagia kwenye kiti cha mbele. Haikuwa imekwenda popote tangu mwaka ule. Watu walikuwa wamesema kwamba mzee aliitupa gari bila kuitengeneza, kwamba alisimama mlimani kuvuta sigara, kwamba mgonjwa alimfia kwa uzembe. Hakuna aliyempa mzigo tena. Akapita barazani watu wananyamaza mpaka apite.

Nilimwendea na kanzu mpya na chupa ya udi. Akapokea, akaviweka chini bila kuvitazama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umenenepa."

"Alhamdulillahi. Mzee, nimekuja kuuliza. Mama alisema nini?"

Akaendelea kusuka kamba yake. Nikauliza tena, kisha tena. Nikakasirika, na nikikasirika mdomo wangu hutangulia. Nikamwambia, "Gari hii ingekuwa mikononi mwangu siku ile, mama angefika hospitali."

Kamba ikasimama mkononi mwake.

"Basi ichukue," akasema. "Ichukue leo. Itengeneze na hicho cheti chako. Siku utakayoifikisha Wete bila kuzima hata mara moja, mchana kama ule, jua kama lile, na mie nimekaa nyuma pale nilipokaa na mamako, siku hiyo ntakwambia alosema mamako. Ikizima, n'shushe hapo hapo mlimani, tusiulizane tena."

Nilicheka, tena mbele yake. Kumfikisha mtu Wete! Mimi nilikuwa na azma kubwa zaidi. Kule Maskati nilikuwa nikiwatengenezea watu magari ya kukata jangwa, magari yenye kitanda ndani na maji ya wiki mbili, na niliapa kwamba siku moja nitajijengea langu. Nikaona gari ndiyo hii. Nitaifufua, nitaivusha kwa meli kutoka Mkoani, nitashuka nayo bara, niende Tunduma, Zambia, mpaka nikaone bahari ya upande wa pili wa Afrika. Njiani kuelekea huko, nitapita Wete.

Nikaifungua yote. Nilitenganisha bodi na chesisi, nikaikwangua chesisi mpaka chuma kikang'aa, nikaipiga rangi mara tatu. Springi za zamani nikatupa, nikaweka mpya zenye nguvu ya kubeba mzigo. Difu mbili nikazifungua na kuzifunga upya, breki nikabadilisha zote. Juu nikaweka keria ya chuma, na juu ya keria hema linalokunjuka kama mwavuli. Nyuma nikaondoa mabenchi ya mbao nikajenga kitanda, chini ya kitanda droo za vyombo, tangi la maji, friji ndogo ya kutumia umeme wa jua. Ubavuni nikapandisha bomba refu la kuvutia hewa mpaka usawa wa paa, ili injini iweze kupumua hata ikiwa inavuka mto. Watu walitoka Mgogoni kuja kuitazama. Gari namna hiyo haikuwepo Pemba nzima, na kama ipo, mimi sijaiona.

Nilipovunja lile benchi la upande wa kushoto, dada yangu alikuwa amesimama na sinia la chakula. "Hapo ndipo tulipomlaza," akasema, akarudi ndani na sinia lake. Nilikaa na vile vibao mkononi nisijue niviweke wapi. Mwishowe niliviweka uvunguni mwa kitanda changu cha nyumbani, viko huko mpaka sasa.

Kitu kimoja cha zamani nilikiacha makusudi: kifuniko cha tangi la dizeli. Kilikuwa cha shaba, kizito, cha kufungwa kwa kuzungusha. Vitu kama hivyo havitengenezwi tena. Nilikisugua kwa nje mpaka nikajiona uso.

Siku ya kwanza ya majaribio nilijaza tangi hadi juu kabisa, kama inavyostahiki gari ya safari. Nilikwenda peke yangu. Injini ililia vizuri kama cherehani. Nikaanza kupanda ule mlima, na katikati ya mlima gari ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.

Nilikaa karibu nusu saa nikifungua hiki na kile. Nikapiga stati, ikawaka kama ambayo haikuwa na lolote. Nikarudi Gando nikabadilisha chujio la dizeli. Nikajaza tangi tena, nikaenda. Ikazima, pengine hatua kumi kutoka pale pa mwanzo. Nikaagiza pampu mpya, nozeli mpya, mipira yote ya mafuta mipya, nikangoja wiki tatu vifike. Nikafunga kwa mikono yangu, nikakaza kwa vipimo vya kitabu. Ikazima pale pale.

Barazani walikuwa wananisubiri.

"Fundi wa diploma! Leo umefika wapi?"

"Kafika alipofika jana."

"Yakhe, gari yako ina friji, ina kitanda, imekosa nini? Imekosa kwenda tu."

Nikacheka nao. Lakini mmoja wao, mtu mzima ambaye hana kawaida ya mzaha, akanivuta kando akasema taratibu, "Usiikasirikie gari, mwanangu. Kuna mtu anaisimamisha. Msomee mamako fatiha pale, uone kama haitapita."

Mimi ni mtu wa vipimo. Lakini nilikuwa nimeanza kuiogopa ile njia. Nikifika chini ya mlima sikio langu linaacha kusikiliza injini, linasikiliza nyuma. Nilikuwa nakisikia kikohozi ambacho si cha injini. Mara moja nilinusa karafuu na vikisi vya kifuani, yale mafuta ambayo mama alijipaka, ndani ya gari ambayo nilikuwa nimeiosha mwenyewe kwa petroli kila pembe.

Safari ya nne dada akasema anakuja. Nilimkataza, akapanda. Alikaa mbele, mtandio umefunika mdomo. Tukapanda, na pale pale, gari ikakohoa na kuzima. Jua la saa saba. Hakuna nyumba karibu, ni migomba tu na kimya.

"Umetazama kama mafuta yamo?" akauliza.

"Dada! Mimi ndiye wa kuulizwa hivyo? Tangi limejaa."

"Siku ile pia alisema limejaa. Tulichanga mtaa mzima tukamjazia, akasema leo nabeba mgonjwa, yasinipungukie. Gari ikazima tangi lingali limejaa. Hebu fungua, nione kwa macho yangu."

Niliteremka kwa hasira nimwonyeshe. Nikakizungusha kile kifuniko cha shaba.

Gari ikavuta pumzi.

Siwezi kulisema kwa njia nyingine. Ilikuwa pumzi ndefu, ya kuingia ndani, kama ya mtu aliyezuiwa kifua muda mrefu kisha akaachiwa. Ilidumu. Dada yangu akapiga kelele moja, "Mama!" akashuka upande wa pili akakaa chini barabarani.

Mimi nilisimama na kifuniko mkononi, na kichwa changu kilikuwa kimekwisha kufahamu kabla ya moyo. Nilikigeuza. Tundu la kupitishia hewa, lile dogo kama la sindano ambalo kila kifuniko cha aina hiyo huwa nalo, lilikuwa limezibwa. Na kilicholiziba nilikijua. Ilikuwa pamba iliyosokotwa, ikalowekwa sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, kisha ikapigiliwa na kupakwa sandarusi, ile gundi ngumu ya mti, juu yake. Ilikuwa kalafati, ile ya kuzibia mianya ya mbao za mashua. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua, na mtoto wa fundi wa mashua akiona tundu, halali mpaka amelitia kalafati.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Gari ikipita kwenye mashimo, dizeli ilikuwa inaruka kupitia lile tundu, inayalowesha magunia ya karafuu yaliyoegemea nyuma, na karafuu zikinuka dizeli zinakataliwa kituoni. Mzee alikuwa anahangaika nalo msimu mzima. Mimi nikakaa siku moja na patasi ndogo ya baba nikaliziba. Halikutoka tone tena. Mzee alinisifu mbele za watu, mama akanisifu mpaka Mgogoni. Nadhani siku ile ndiyo niliyoamua kuwa fundi.

Na nilichokifanya ni kwamba tangi lilikosa hewa. Dizeli ikitoka, kitu cha kujaza nafasi yake hakiingii, na tangi likinyimwa hewa kwa muda huanza kuyang'ang'ania mafuta. Tangi likiwa nusu, kama lilivyokuwa siku zote za karafuu, hewa iliyomo ndani inatosha kufika Wete na kurudi. Likijazwa hadi juu hakuna nafasi, na safari fupi tu inatosha. Unafika mlimani, injini inataka zaidi, tangi halitoi. Ukingoja, hewa kidogo inapenya, gari inawaka, na hujui kilichotokea.

Walimjazia hadi juu kwa kumhurumia mama. Na mimi nilikuwa nimeiwekea injini bomba la kupumulia mpaka juu ya paa, nikakisugua kwa nje kile kifuniko kilichoizuia pumzi.

Niliwasha gari, ikawaka mara moja. Dada alipanda bila kuniuliza. Yeye anaamini mpaka leo kwamba aliyevuta pumzi pale ni mama, na sikuwahi kumwambia nilichokiona chini ya kifuniko. Aliyasikia baadaye kwa watu, akasema wanasema uongo.

Nilizibua lile tundu kwa sindano. Kile kipande cha kalafati nilikifunga kwenye leso. Kesho yake nikamwendea mzee.

"Iko tayari."

Akavaa ile kanzu niliyomletea. Nikajaza tangi mbele ya macho yake, mpaka likamwagika. Akapanda nyuma, akatazama kitanda na droo na friji, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda upande wa kushoto, kofia mkononi. Tukaondoka saa sita na nusu.

Chini ya mlima nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho na midomo inacheza. Tukapanda. Gari ilipanda kama mbuzi. Tulipofika juu niliona mabega yake yakitikisika, na sikumtazama tena mpaka Wete.

Nilisimama kando ya ukuta wa soko, nikazima mwenyewe. Akawatazama watu wakipita na vikapu, kisha akasema:

"Maumivu yalikuwa yamekwisha. Alikuwa anasema vizuri kabisa. Mie nahangaika na injini, yeye ananambia, 'Usijisumbue, bwana. Angekuwepo mwanangu ingekwishawaka. Yule ana mikono. Hebu tazama hata hilo tundu la tangi alivyoliziba, tone halijatoka mpaka leo.' Akacheka kidogo. Kisha akasema, 'Akija mwambie radhi yangu anayo, yote. Mwambie nilimnyima kwa ukaidi wangu tu, nilikuwa namtaka arudi.'"

Akafuta uso kwa kofia. "Nilitaka nikwambie siku ile ile uliyokuja. Ukanitukana."

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo miaka kumi. Ilipokuja, nilikuwa nayo leso mfukoni.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Ningesema ilikuwa pampu. Nilikaa nikiutazama usukani, na nadhani ningesema hivyo hasa, lakini aliniuliza, kwa sauti ya dereva anayemuuliza fundi wake, "Ilikuwa nini?"

Nikampa leso. Akaifungua. Akakigeuza kile kipande vidoleni, akakinusa.

"Sifa hii bado yanuka," akasema.

Nikamweleza, kama nilivyoeleza hapa. Hakunikatiza. Nilipofika pale pa tangi lililojaa akasema polepole, "Mie ndiye niliyesema lijazwe. Nikasema yasinipungukie." Halafu akakirudisha kile kipande ndani ya leso, akakifunga fundo, akanirudishia.

"Mamako alikupa radhi akiwa hajui."

"Ndiyo, Mzee."

"Angejua?"

Nikaitia leso mfukoni.

"Mie sijui," akasema. "Mie ni dereva. Hayo kamuulize Shehe."

Ijumaa ile, baada ya sala, nilisimama barazani. Nilidhani hilo ndilo jambo gumu kuliko yote maishani mwangu, mimi niliyezoea kusimama kwa kusifiwa. Nikatoa leso, nikawaonyesha, nikasema mzee hakuwa na kosa lolote, gari ilizimwa na mimi. Walikipitisha kile kipande mkono kwa mkono.

"Yakhe, si pamba tu hii?"

"Pamba isimamishe gari? Hata cheti hakisemi hivyo."

"Mwacheni, nyie! Hamwoni? Anamsitiri mzee wa watu. Kasoma, kapata, na adabu hakuipoteza."

Mtu mzima mmoja akanishika bega na machozi yanamlenga. "Mamako kazaa," akasema.

Mzee alikuwa amekaa mwisho wa baraza. Akavaa viatu vyake, akainuka, akaenda zake. Walinyamaza mpaka akapita.

Niliwafuata mmoja mmoja majumbani. Nikawachorea tangi kwa kalamu. Kila nilivyoeleza ndivyo walivyonipenda. Mzee nimempa funguo za gari, nikamwambia aendeshe yeye, watu wamwone akipanda mlima na kushuka. Ameendesha. Wanasema, sasa hata yeye anaweza, gari imetengenezwa na fundi.

Gari imekamilika tangu zamani. Mara mbili nimeiandikishia nafasi kwenye meli ya Mkoani, mara mbili siku ya safari nimebaki nyumbani. Safari ndefu ina kuaga kwake, na mimi sijui kama ninayo radhi au ninayo iliyotolewa kwa makosa.

Nyumba ya Shehe haiko mbali na kwangu. Nimekwenda mara nne. Mara ya kwanza nilipiga hodi, akatoka, nikamuuliza habari za pikipiki yake. Akasema inatoa moshi kidogo. Nikaifungua pale pale uani, nikaisafisha. Mara ya pili haikuwa na ubovu wowote, nikabadilisha oili. Mara ya tatu na ya nne nilikaza tu nati ambazo zimekwisha kukazwa. Yeye hukaa kwenye mkeka akinitazama, ananiletea kahawa, anasema hajapata kuona fundi mwenye moyo kama wangu.

Ninapofuta mikono huniuliza, "Lipo jingine, mwanangu?"

"Hakuna, Shehe," nasema, na naondoka.